Miguu Mitupu ya Gesare

Siku Gesare alipokwenda kuomba pasi ya kwenda Kericho, alimkuta mwanamke amelazwa kifudifudi mbele ya kambi ya chifu, askari mmoja amemkalia miguu, mwenziwe ameshika kiboko. Kosa lake ni kukamatwa ndani ya basi la Kericho bila pasi. Alikuwa amesema anamfuata mumewe.

"Wote husema hivyo," askari akamwambia, na kiboko kikashuka.

Gesare alimtoa mtoto mgongoni akamleta kifuani, akamziba masikio kwa kanga. Kila yule mama alipolia, maziwa yalimchuruzika Gesare yakamlowesha gauni. Titi halibagui kilio. Alisimama pale na gauni lake bichi, akitazama mchanga ulivyokuwa ukiingia kinywani mwa mwenziwe, mpaka karani akamwita.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na wanaume wengi wa Nyamache walikuwa wamekwenda kuchuma na kupogoa majani chai huko Kericho. Wake walipoanza kuwafuata, na binti za watu wakajichanganya nao, chifu aliweka sheria yake: hakuna mwanamke kupanda basi bila pasi, na pasi ni ya mke wa mtu peke yake.

Karani aliitwa Ishmael. Siku za Sabato alikaa benchi la mbele kanisani, kwa kuwa alijua kuimbisha.

"Jina."

"Drusilla Gesare, moka Nyasani." Moka ni mke wa.

"Nyasani yuko wapi?"

"Kericho. Amepewa chumba kwenye laini za wafanyakazi, akamtuma mwenzake aniambie niende na mtoto. Hajamwona mtoto huyu, karani."

Ishmael hakumtazama mtoto. Aliinama akachungulia chini ya meza, akatazama miguu ya Gesare.

"Bitinge zako ziko wapi?"

Bitinge ni zile pete nzito za chuma ambazo mke wa Kisii huvishwa mguuni, mahari ikiisha kutolewa. Mhunzi huzigonga zikafunga, na hazifunguliwi tena mpaka mume afe au ndoa ivunjike. Mwanamke aliyezivaa husikika kabla hajaonekana. Gesare alikuwa nazo. Sasa palibaki alama tu, ngozi ngumu iliyong'aa kuzunguka kifundo, kama njia ya ng'ombe kwenye majani.

"Zilikatwa siku ya ubatizo," alisema. "Mchungaji alisema ni vitu vya giza. Wewe ulikuwa umesimama pale, karani, ukituimbisha."

"Kanisani ni kanisani. Hapa ni kwa chifu. Chifu akiona mguu mtupu anaona watu wawili, mjane ama malaya. Mjane hana mume wa kumfuata, na malaya hapewi pasi. Wewe ni yupi?"

"Mimi ni mke."

"Shemeji yako Mogire alikuwa hapa juzi. Anasema nduguye amepotelea huko, na wewe uko mikononi mwake." Ishmael akachovya kalamu. "Lete Mogire aseme maneno mengine, ama lete bitinge. Moja kati ya hayo."

Askari mmoja akamgonga kifundoni kwa fimbo yake, palepale penye alama, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. "Haulii," akasema, na wenzake wakacheka.

*

Mogire alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake Gesare, anachonga mpini wa jembe. Tangu Nyasani aende, alianza kwa kuazima sufuria, akaja kuazima shamba la migomba, na sasa alikuwa akiingia bila kubisha hodi.

"Moka Nyasani umerudi. Basi limekukataa?"

"Nipishe, shemeji. Mtoto ana njaa."

"Nyasani amekufa. Ulimuua mwenyewe siku ulipokata chuma. Mama alilia siku ile kama matanga. Ama hukumsikia?"

Kweli alilia. Bochaberi, mama yao Mogire na Nyasani, alikaa nje ya uzio wa kanisa siku ile na kujitia vumbi kichwani, akisema mwanawe anazikwa akiwa hai. Lakini Nyasani mwenyewe ndiye aliyemwambia mkewe, tubatizwe pamoja. Alimshika mkono patasi ilipokuwa ikiingia.

"Nipishe," Gesare akasema tena.

Mogire akampiga kwa ule mpini. Pigo la kwanza lilimpata begani, kwa kuwa aligeuka kumkinga mtoto wake, Orpah. La pili lilimpata mdomoni. Alianguka amemkumbatia mtoto, magoti yake yamekunjwa kumzunguka, na mapigo yaliyofuata aliyapokea kwa mgongo. Alikuwa akisikiliza tu kama mtoto anapumua.

Mogire alipochoka aliketi tena kwenye kizingiti, akaendelea kuchonga.

"Kesho nitakupeleka kwa mhunzi Okemwa," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga kazi ya shamba. "Mbuzi wangu, chuma changu. Ukishavaa utakuwa na mume, na pasi nitakupa mwenyewe. Ya kutoka jikoni hadi kitandani."

Gesare aliuelewa mtego ule. Bitinge huvishwa kwa jina la mtu. Wazee wakitaka kujua mwanamke ni wa nani, huuliza swali moja: mbuzi wa nani alimlipa mhunzi? Akivishwa kwa mbuzi wa Mogire, ni wa Mogire, hata Nyasani akirudi amepanda farasi.

*

Giza la alfajiri halijaisha, Bochaberi aliingia akamkuta mkaza mwanawe anamnyonyesha Orpah, upande mmoja wa uso wake Gesare umevimba hata jicho limefumba. Mama mkwe hakusema pole. Alikuwa mjane, na hajamsamehe Gesare ile patasi. Aliketi, akamtazama mtoto anavyovuta ziwa lenye tone la damu ya mdomo wa mamaye.

"Ulinizikia mwanangu," alisema. "Lakini yule mwingine anataka kumzika mara ya pili, na huyu ninamjua, nimemzaa. Simama."

"Twende wapi, mama?"

"Kwa Okemwa. Mbuzi wangu amefungwa hapo nje. Namtoa kwa jina la Nyasani. Mbuzi wa mama ni wa mwana."

Njiani alimwonyesha kilichokuwa ndani ya kitambaa. Zilikuwa bitinge kuukuu, zake mwenyewe, alizofunguliwa mumewe alipokufa. Moja ilikuwa na pengo la kuingia ncha ya kidole gumba. Mumewe, akiwa amelewa, alimrushia panga mguuni enzi hizo Nyasani anatambaa, na chuma kikapokea panga. Bila pete ile angetembelea gongo.

Okemwa alipoziona alirudi nyuma. "Mong'ina, bibi yangu, hizi ni za mjane. Mke wa mtu aliye hai hazivai. Ni mwiko."

"Huna chuma kingine, na sina siku nyingine," Bochaberi akamjibu. "Mkosi ukija, uambie nyumba yangu iko wapi."

Mhunzi alimtazama Gesare mdomo, akamtazama yule mbuzi, akavuta mivukuto. Zile pete zilipashwa moto zikafunguliwa, zikazimwa majini, ila chuma kilikuwa bado kina joto kilipozunguka mguu. Gesare aliweka kifundo juu ya jiwe. Aliwaza kanisa, na kwamba Sabato ijayo jina lake litasomwa mbele ya watu. Kisha nyundo ikashuka. Ngozi ilinuka. Alimpa Orpah ziwa ili mtoto asilie, na mtoto akanyonya mamaye anatetemeka. Nyundo moja iliteleza ikamvunja ukucha wa kidole. Okemwa akaomba radhi, akaendelea.

Ilikuwa imebaki pete moja, ile yenye pengo, Mogire alipotokea kwenye migomba na rungu.

"Mbuzi wa nani?" aliuliza.

"Wangu," Bochaberi akasema.

"Mama, toka hapo."

"Okemwa, gonga."

Okemwa akasita, nyundo iko juu. Mogire aliinua rungu kuupiga mguu wa Gesare, ule uliokuwa juu ya jiwe, maana mguu uliovunjika haupandi basi. Bochaberi akatupa mkono wake katikati. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kuni kavu. Mkono wa yule bibi ukaning'inia, umekunjika mahali pasipo na kiungo.

Hata mivukuto ilikata pumzi. Mwanamume anaweza kumpiga mkewe, au nduguye, na akala jioni na watu. Aliyemvunja mama yake mkono hali na mtu.

Bochaberi alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Kwa mkono mzima alilishika fundo la nguo kifuani mwake.

"Nifungue, Mogire?" aliuliza polepole. "Nikuonyeshe ulichonyonya, mbele ya Okemwa, halafu niseme neno?"

Mogire alilijua neno hilo. Mama akifunua ziwa na kumlaani mwana, migomba ya mwana huyo haizai wala mkewe hashiki mimba. Rungu lilimtoka mkononi. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagusa mgomba, akageuka, akakimbia kama mwizi.

"Gonga," Bochaberi akamwambia mhunzi, kisha akaanguka.

Walimfunga mkono kwa vipande vya mianzi na maganda ya mgomba. Gesare alitaka kubaki amuuguze. "Nimelipa mkono wangu uende, si ukae unipikie uji," mama mkwe akamwambia. "Bitinge zako zikilia hapa kesho, nitakufukuza mimi mwenyewe."

*

Ishmael alisikia bitinge kabla hajainua kichwa. Gesare alitembea akichechemea mpaka mezani na kuweka mguu wake pale karani alipoweza kuuona. Majimaji ya malengelenge yalikuwa yakishuka kwenye kisigino.

"Nani amekuvisha?"

"Mama yake Nyasani. Okemwa ni shahidi, na mbuzi yuko kwake bado."

Ishmael alitazama ule mguu kwa muda. Pengine aliukumbuka wimbo wa siku ile ya ubatizo. "Utafutwa kanisani, Drusilla," alisema.

"Andika pasi, karani."

Akaiandika.

Kwenye kizuizi cha Sotik, askari walipanda basini wakamburura nje msichana mmoja kwa nywele. Walipofika kwa Gesare mmoja aligonga mguu wake kwa kitako cha bunduki. Chuma kilinguruma, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. "Huyu ni wa mtu," yule askari akasema, akapita.

*

Laini za wafanyakazi zilikuwa safu ndefu za vyumba vinavyofanana. Jua la jioni lilikuwa bado liko juu ya majani chai. Nyasani alikuwa mlangoni ananoa kisu chake cha kupogolea, na aliposikia bitinge zikija alitabasamu kama mtu aliyemkumbuka mama yake enzi zile. Akainua macho akamwona Gesare, akaona uso uliovimba, halafu akaona miguu.

Tabasamu likafa. Habari kwamba Mogire anataka kumvisha mkewe zilikuwa zimeshafika Kericho, zikiwa zimeongezwa chumvi njiani.

"Mbuzi wa nani?" aliuliza.

Alikuwa amesimama, na kisu kilikuwa mkononi. Majirani waliokuwa wakiwasha moto waliacha. Gesare alikuwa amelipanga jibu njia nzima, lakini mbele ya kisu kile maneno yasingetosha. Basi aliuweka mguu juu ya jiwe la mlangoni, akavuta gauni juu kidogo, akaizungusha pete moja ingawa ilikwangua kidonda, mpaka pengo likatazama nje.

Nyasani aliliona. Alipiga magoti, akaingiza ncha ya kidole gumba katika lile pengo. Ndivyo alivyofanya alipokuwa mtoto, mama yake akisaga wimbi na yeye amekaa miguuni pake, kidole kimekaa mle kama kwenye nyumba yake.

"Alikupa hii?"

Gesare akaitikia kwa kichwa.

"Yuko salama?"

Gesare akaushusha mguu. "Mkono wake umevunjika. Aliupokelea mguu wangu rungu."

"La nani?"

Gesare alitazama upande wa Nyamache, na mumewe akaelewa. Nyasani aliinuka na kisu chake. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, na Gesare akaiona njia yote aliyoijia ikirudi nyuma: basi, kizuizi, migomba, na Mogire akilala chini, kisha kamba ya Mzungu shingoni mwa mume aliyemtafuta.

Alimfungua Orpah akamsukuma kifuani mwa baba yake. Mtu hampokei mtoto na kisu. Mikono ya Nyasani ilifunguka kabla akili yake haijaamua, kisu kikaanguka, na mtoto akamshika sikio akilivuta kwa nguvu kama jani.

Nyasani alitazama kisu kule chini. Gesare akaupandisha mguu wake wenye kidonda juu yake, bitinge zikalia kwenye ubapa wa kisu, chuma kwa chuma, na akauacha hapo.

"Mshike vizuri," alisema. "Shingo yake bado haijawa ngumu sana."