Nusu Kikombe cha Mshubiri

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka tisa, mama alikufa na shida ikaingia. Shule niliacha darasa la tatu. Dada yangu mkubwa, naye msichana tu wa miaka kumi na tano, aliuza mboga Kitale ili mimi nile. Mimi nilibebea mzee mmoja wa dawa magome kutoka mlimani mpaka sokoni, na kwa kubeba nikajifunza. Hakuna mtu mwingine alinishika mkono. Kibanda changu cha dawa nilijenga mwenyewe, na watu walitoka mbali kunitafuta.

Dawa yangu kubwa ni mshubiri, ule vijana wanaita alovera. Ukikata jani unapata vitu viwili. Ute wa ndani unatuliza ngozi iliyoungua. Yale maji ya manjano karibu na ganda ni makali, yanaharisha, na mama mjamzito asiyaguse. Hayo nilijua. Nilijua pia kwamba mshubiri unashusha sukari mwilini. Kile sikujua ni kwamba sukari inaweza kushuka ikapita kiasi.

Dada aliolewa Mabanga, karibu na Bungoma. Alipopatikana na ugonjwa wa sukari, ni mimi nilimchemshia mshubiri. Sheria yangu, na ya wengi wa kazi hii, ilikuwa moja: mgonjwa hachanganyi waganga wawili. Nilimwambia mbele ya watoto wake, kama unameza vidonge vya hospitali usiguse dawa yangu, utaniharibia jina. Nilisema kwa maringo. Kumbe kliniki walikuwa wamempa vidonge, anavimeza kila siku, na kopo la vidonge amelificha ndani ya debe la unga ili nisijisikie vibaya.

Asubuhi moja mkaza mwana wake akanipigia simu. Ati mama anatetemeka, jasho limelowesha blanketi, na anaongea maneno hayaeleweki. Katika kazi yetu jasho lilikuwa habari nzuri. Tulisema ugonjwa unatoka.

"Hiyo ni dawa inafanya kazi," nikamwambia. "Mwongeze nusu kikombe."

Nikarudi kumfungia mteja magome, lakini karatasi nikaiacha wazi. Jasho nililijua. Hayo maneno yasiyoeleweka sikuyajua. Nikapiga simu, haikushikwa. Nikapiga tena, na tena. Nikamwacha mteja amesimama pale, nikamwomba jirani mwenye pikapu anikimbize Bungoma. Njiani jirani akaniambia, "Mzee, unapumua kama wewe ndiye mgonjwa." Nikapiga simu tena.

Tulipofika Webuye simu ikashikwa. Dada amepelekwa hospitali, haamki. Nikauliza kama ile nusu kikombe alikunywa. Mkaza mwana akasema alimpa, lakini nyingi ilimwagika kifuani. Tangu nianze kazi sijawahi kuombea dawa yangu imwagike. Siku hiyo niliomba iwe imemwagika yote.

Hospitalini tabibu, msichana mdogo kuliko watoto wangu, alikuwa tayari amemwekea glukosi kwenye mshipa. Akatuuliza huyu mama amekunywa nini. Mkaza mwana akatazama sakafu. Hangenitaja, kwa heshima. Ningenyamaza, jina langu lingebaki zima.

"Mshubiri," nikasema. "Mimi ndiye nilimpa."

"Kiasi gani, mzee?"

"Konzi mbili kwa sufuria."

"Konzi ya nani?"

Nikatazama kiganja changu.

Hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Alisema vidonge vinashusha sukari, mshubiri nao unashusha, na vyote viwili vilikuwa vimeimaliza damuni. Kutetemeka kule kulikuwa mwili unalilia sukari. Angepewa kitu kitamu mapema, akiwa bado anaweza kumeza, pengine hangezimia. Na mimi nilimwongezea uchungu.

Nilikaa kwa benchi nikihesabu matone ya chupa, nikipotea, nikianza tena. Mchana dada akafungua macho, akanitafuta.

"Wewe kijana, nilikulea ili uniue na majani?"

Nikamwambia anisamehe. Nikamuuliza kwa nini alinificha vidonge.

"Si ulikataza? Ulitafuta heshima yako kwa tumbo langu."

Sikuacha kazi, kwa sababu mshubiri haukukosa, mimi ndiye nilikosa. Siku hizi kabla sijatoa kitu namwambia mgonjwa aweke vidonge vyake mezani. Mwenye sukari, mwenye presha, mjamzito, namrudisha kliniki aulize kwanza. Wenzangu sokoni wanacheka, ati mzee ameogopa. Ni kweli nimeogopa. Kila nikisikia mtu ametokwa na jasho, nauliza kwanza amemeza nini.

Dada bado yuko Mabanga, na vidonge vyake vinakaa juu ya meza. Mali yangu leo ni hii: ekari mbili nje ya Kitale, nyumba ya matofali ya vyumba vinne, ng'ombe watatu wa maziwa, kibanda sokoni, mistari saba ya mshubiri, na kikombe kimoja cha kupimia, chenye alama.