Papai Bichi la Kokugonza

Kokugonza wa Ngenge alikuwa na mkono wa kulia uliomenya ndizi upesi mno: ganda lilifika chini ndizi yenyewe haijajua kama imevuliwa. Siku pipa la gongo alilokuwa akipika lilipopasuka motoni, mkono huo uliiva hadi kiwiko. Mama mkwe wake, Kokubanza, alikuja, akaunusa, akasema, "Afadhali ungeungua mdomo."

Hospitalini ngozi iliyokufa ikawa ngumu na nyeusi kama ukoko wa sufuria. Nesi Yuster akasema, "Dawa ya kulainisha nyama iliyokufa imekwisha. Lakini papai bichi lina maziwa yanayofanya kazi hiyo. Nalisaga, nabandika. Linakula kilichokufa, kilicho hai linakiacha. Tukilikosa, uozo utashuka vidoleni, navyo vitakatwa."

Akabandika siku mbili. Kokugonza alipiga mayowe hata ndege wa Muleba wakahamia Bukoba, lakini chini ya weusi pakatokea wekundu, na kidole cha shahada kikacheza.

Mapapai yakaisha. Mvua ya mawe, kila jiwe kama kichwa cha ndama, ilikuwa imeangusha mipapai yote ya Ngenge isipokuwa mmoja kwenye kibanja cha Kokubanza. Hata mawe yalimwogopa.

"Bibi, kesho asubuhi lete matatu, mabichi," Yuster alimwambia.

Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja. Mkono ulinuka mpaka nzi wakaomba kuhamishwa wodi. Siku ya tano bibi akaingia na kitenge kipya, akafunua kapu: mapapai matatu ya manjano, yananukia.

"Bibi, nilisema mabichi!"

"Mimi nipite barabarani na papai bichi naenda kumwona mgonjwa? Watu waseme namchukia mkwe wangu? Nimeyavundika shimoni kwa majani ya mgomba, kama ndizi za pombe. Onja!"

"Yaliyoiva hayana maziwa, bibi."

"Basi ale."

Vidole viwili vilikatwa Ijumaa. Mapapai aliyamaliza Kokubanza mwenyewe, maana mgonjwa hakuwa na hamu.

Siku hizi Kokubanza hana jino wala miguu ya kumfikisha jikoni; anangoja kulishwa. Kila asubuhi Kokugonza anapiga magoti, anamwamkia kwa adabu zote, kisha kwa vidole vitatu anamsogezea sahani ya papai.

"Bichi hili, we mwanamke! Linanichoma ufizi!"

"Kula, mama. Nesi alisema linakula kilichokufa tu. Ukibaki, tutajua u hai."