Chipukizi la Mkangaga

Juzi kanisani, Jumapili ya Matawi, harufu ya majani mabichi ilinirudisha kwa mkangaga wa nyanya yangu, mti wenye majani marefu kama ya mtende, uliosimama kando ya chemchemi kama mwavuli.

Sisi wa mlimani hatuna mitende, kwa hivyo tunakata chochote kinachopepea. Mwaka mmoja utotoni niliuparamia mkangaga huo nikakata majani kumi na saba, nikayahesabu mara mbili. Binamu yangu alikuwa na kumi na nane. Basi nikang'oa hata chipukizi la katikati, lililojikunja kama konokono, lenye manyoya laini. Tukatoka sare.

Mkangaga huchipua hapo katikati tu. Nilikuja kujua hilo baada ya mti kukauka.

Kila asubuhi nyanya aliteka maji akiutazama. "Macho yangu yamechoka. Unaona kitu kikichipuka?"

"Bado, Cucu. Labda mvua ikinyesha."

Ikanyesha. Akaniuliza tena.