Mvua Niliyoiandika Siku ya Ruracio ya Wangari

Hadi leo mtu akitaja ruracio, ile sherehe yetu ya mahari, mbele yangu masikio yananiwaka moto, na nikiwaona wakwe zetu pale Chaka huwa nakumbuka ghafla kwamba nina shughuli ng'ambo ya barabara. Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Mnajua vile sisi watu wa Kieni tunaishi tukiutazama mlima na mawingu yake, na huku kwetu ni vumbi. Basi nilikuwa nimemaliza masomo ya mwanzo ya kuandika programu, yale ya kuiambia kompyuta ijumlishe na irudie, nikajiona mtu, nikaingia masomo ya juu. Huko ndiko nilikutana na amri inayojiita yenyewe: inafanya kazi, ikimaliza inajiita tena, na tena. Ilinichukua moyo kabisa. Nilikuwa nakaa kando ya shamba letu la kabichi nikiutazama mlima mpaka chai inapoa, nikiiwaza ile amri ikiingia ndani yake polepole, kama mtu anayeota kwamba anaota (Mama alidhani nimependa msichana).

Baba hakuwa mtu wa ndoto. "Muriuki," aliniambia, "hiyo kompyuta ikikosa kufanya kazi ya maana hapa kwetu kabla ya ruracio ya dada yako Wangari, unaenda kuandikwa polisi. Chuo chao cha Kiganjo si mbali."

Nikaunganisha kompyuta na pampu ya tangi, na pampu na sprinkla za kunyunyizia kabichi maji. Somo lilisema kabla ya kuandika amri ya kujiita, andika kwanza mahali itakaposimama. Lakini lilikuwa refu, na jua lilikuwa linazama vizuri sana nyuma ya milima ya Nyandarua, nikaliruka. Tena nikang'oa ile koki ya kufungia maji kwa mkono, eti ni mambo ya zamani.

Mpango wangu ulikuwa wageni wakishakula, Baba awapeleke kwa kabichi, na maji yajiwashe yenyewe saa niliyopanga. Lakini wageni wa ruracio ni wageni wa ruracio, walichelewa, na saa yangu ilipofika ndiyo kwanza wazee walikuwa wametoka nje ya hema kuomba, wamesimama kando ya kabichi, uso kwa mlima, mikono juu. Mzee wa upande wa bwana harusi, mwenye kofia ya manyoya, akaomba baraka, sote tukaitikia "Thaai", yaani amani, na mvua ikanyesha.

Jua linawaka, mbingu safi, na matone madogo yanawashukia wazee kwenye makoti, na upinde mdogo wa mvua umesimama juu ya kabichi. Nawaambia ukweli, ilikuwa nzuri. Hata mimi niliyeiandika nilisahau kwamba ni mimi.

"Ngai amesikia," mzee akasema. "Na hata wingu hakuna." Baba akavua kofia.

Ikasimama. Wakapanguza uso, wakaanza kurudi hemani, na amri ikajiita. Mara ya pili mmoja akasema, "Hii baraka ni mingi." Mara ya tatu hakuna aliyetaja baraka, wazee walikuwa wanakimbia wameshika fimbo na makoti, mmoja kiatu kimebaki matopeni, nami nakimbilia chumba changu ilikokuwa kompyuta.

Na chumba changu, jamani, ndicho kilichokuwa na wasichana, wakifunikwa leso kuanzia kichwa hadi miguu ili bwana harusi amtambue Wangari kati yao. Tata Nyawira, dada ya Baba, alikuwa mlangoni.

"Tata, nifungulie, ni mambo ya maji."

"Maji iko jikoni."

"Tata, kompyuta iko hapo ndani."

"Hapa mwanaume haingii. Ati unataka kuona Wangari ndio ukaambie bwana yake amevaa leso gani?"

Ndani wakacheka. Nikakaa kwenye ngazi, nikalisikiliza tangi letu likiisha, yale maji ya wiki nzima, pamoja na ya chai ya wageni. Lilipokauka ndipo mvua yangu ilikoma.

Mzee wa kofia ya manyoya, akichuruzika, akamgeukia Baba mbele ya watu wote. "Sasa hii mvua ilikuwa ya nani?"

Baba akanigeukia. Mimi nilishajiona Kiganjo, kichwa kimenyolewa, nakimbia kwa mstari.

"Ni ya kijana yangu," akasema. "Kuanzisha anajua. Kusimamisha ndio bado anasoma."

Watu walicheka mpaka hema likatikisika, na aibu ilinipata sawasawa, lakini nililisikia kwanza lile neno, kwamba bado nasoma. Mambo ya polisi Baba hakuyataja tena.

Koki niliirudisha jioni ile ile. Na siku hizi, kabla sijaandika neno moja la kuanza, naandika kwanza pale pa kusimama, hata kama mlima umejitokeza wote na jua linazama vizuri namna gani.