Garifalia na Kondoo Asiyekuwepo Mezani

Katika kijiji kimoja cha milima ya Krete, huko juu ambako hata mawingu hufika yakihema, aliishi mjane aitwaye Garifalia. Hakuna aliyewahi kumdanganya akaenda zake salama. Padri alikuwa akimwungamisha huku amempa mgongo, asije akajikuta anayeungama ni yeye. Punda wake aliwahi kujifanya kiwete ili akwepe kuni; Garifalia alimtazama mara moja tu, punda akaunyoosha mguu, akaenda mwenyewe kusimama kando ya mzigo. Na marehemu mumewe, kila alipotoka mkahawani amelewa, aliingia nyumbani kinyumenyume ili uso usionekane. Kazi bure, masikio nayo yalikuwa yakisema.

"Mwongo huyavika maneno yake nguo nyingi kama ana homa," alikuwa akiwaambia majirani. "Mwulize mkweli alikuwa wapi, atakujibu zizini. Mwulize mwongo, ataanzia siku alipobatizwa babu yake."

Basi mwaka ule mwanawe Manousos alikuwa amechumbia Argiro, binti wa Sifis, mchungaji mwenye kondoo wengi na hasira nyingi zaidi. Harusi ilikuwa Jumapili. Wiki ikaanza kwa balaa: kengele ya kondoo dume wa Sifis, yule kiongozi wa kundi aliyepotea tangu kabla ya Kwaresima, ikaokotwa nyuma ya kibanda cha mawe cha Manousos mlimani.

Sifis alikuja mpaka kizingitini, akakataa hata kuketi.

"Mwanao ni mwizi, Garifalia. Binti yangu haolewi na mwizi."

"Nitaapa mbele ya picha ya Mtakatifu Georgi," Manousos akasema.

"Wezi wa mlima huu wamemwapia Georgi mpaka picha imefubaa. Niletee aliyemchukua, au Jumapili binti yangu anabaki kwangu."

Alipoondoka, Garifalia akamshika mwanawe kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Ulimchukua?"

"Sikumchukua, Mama."

Maneno mawili, hayana hata koti. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni, ambao ni wekundu wa hasira. Ule wa aibu huanzia masikioni. Garifalia akamwachia kidevu. Yeye alikwisha kujua. Lakini nani angepokea ushahidi wa mama juu ya mwanawe?

Siku ya pili akachinja mbuzi wake mchanga, akachemsha nyama, akapika wali kwenye supu yake mpaka ukawa laini kama uji wa mgonjwa, akautia siagi na ndimu. Akawaalika wachungaji wote wa mlima ule. Sifis alikuja kwa shingo upande; kukataa chakula cha mjane ni fedheha kubwa kuliko kuibiwa.

Walikula. Garifalia hakuketi. Alizunguka na chupa ya raki, pombe kali ya zabibu, kama mwanamke asiye na habari, na kila glasi aliyoijaza aliijaza polepole, uso kwa uso.

Wali ulipofika nusu, akasema kwa sauti ya kuulizia chumvi, "Sifis, kula vizuri mkwe wangu. Hiyo nyama ni ya yule dume wako."

Watu wa milima ile hawakuwa na sababu ya kutoamini. Desturi yao ni hiyohiyo: ukimwibia mtu, fahari ni kumkaribisha mezani, umlishe mnyama wake kwa mkono wako, halafu siku moja umwambie. Vinywa vikasimama. Mmoja alitema tonge kwenye kiganja. Mwingine aliikodolea macho sahani yake kana kwamba italia kama kondoo. Manousos akageuka rangi ya jibini. Sifis alikwisha kushika fimbo yake.

Na Vardis, mchungaji wa bonde la pili, mwenye sharubu zilizosokotwa, aliendelea kutafuna. Alitafuna kwa raha, akachukua ubavu mwingine, na pembeni ya jicho lake kukaingia mkunjo mdogo wa kicheko.

Garifalia akaenda akasimama mbele yake.

"Vardis, mwanangu, wenzako wote wamesakamwa. Wewe mbona chakula kinashuka tu?"

"Unatutania, Shangazi. Hii ni mbuzi, na mchanga."

"Kondoo na mbuzi wakikutana na supu ya saa nyingi, nani anawatofautisha?"

"Ah, mimi nitatofautisha. Yule mzee wa Sifis ungemchemsha mpaka Pasaka asilainike. Alikuwa kama kutafuna..."

Hapo akauma ulimi. Lakini neno likiruka halina mkia wa kulishikia.

"Kama kutafuna nini, mwanangu? Malizia, wageni wanasikiliza."

Vardis akamtazama yule mama, akatazama mlango, akaona mlango uko mbali.

"Kiatu, Shangazi," akasema.

Sifis alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Ulimla dume wangu?"

"Tulimla, Sifis. Sherehe ya mtakatifu wa jina langu. Wewe ulirudia sahani, ukaomba na mfupa wa mguu."

Mzee mmoja akaanza kucheka puani, mwingine akamfuata, na meza nzima ikavunjika kwa kicheko. Sifis alijaribu kukasirika, akakumbuka alivyong'ang'ana na ule mfupa, akashindwa.

"Na kengele?" akauliza huku akijifuta machozi.

"Ilikatika kamba nikimshusha bondeni kupitia kibandani kwa Manousos. Ningesema, kwa kweli, naapa, kabla ya Jumapili ningekuja mwenyewe kwa miguu yangu..."

"Hapo umevaa makoti matatu," Garifalia akamkatiza. "Ungemwacha mwanangu azikwe na jina la mwizi."

Vardis akainamisha kichwa, na safari hii masikio ndiyo yaliyotangulia kuwa mekundu. Hata hivyo alikuwa mtu wa Krete, hakuweza kushindwa bila wimbo. Akainua glasi:

"Ulimi wafunga nyumba na kufuli ukatia,
uso ni dirisha wazi, watu wakachungulia."

"Umeimba vizuri," Sifis akasema. "Dume wako mkubwa atapikwa kwenye wali wa harusi. Na wewe utamshikia Manousos taji la ndoa kanisani, uwe ndugu yetu, maana ndugu angalau najua pa kumtafuta." Akamgeukia Manousos, akamkumbatia kwa nguvu iliyotosha kuvunja mbavu za ndama. "Nilikutukana, mwanangu. Jumapili njoo mapema, Argiro hajala tangu juzi."

Nje mtu akafyatua bunduki hewani. Wasema mwangwi uliizunguka Krete nzima ukarudi kwa mlango wa jikoni. Garifalia akakivuta kiti cha kichwa cha meza, ambacho hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia tangu nyumba ile ijengwe. Akaketi, akapanga mikono yake mezani.

"Sasa," akasema, "nipakulieni."

Wachungaji wa mlima mzima wakagombea upawa.