Alizeti Zilizoligeuzia Jua Kisogo

Aliyenitangaza mjini kwamba nimeharibika alikuwa muuza soda, jirani wa intaneti kafe niliyokuwa nikienda. Alimwambia baba dukani, mbele ya wateja, kwamba binti yake anashinda Jumamosi nzima kwenye chumba chenye pazia akiangalia wazungu. Kha! Pazia lenyewe lilikuwa la kuzuia jua lisipige vioo vya kompyuta. Lakini nani angemsikiliza mtoto wa kike anayejitetea habari za pazia?

Baba alikuwa mtu wa heshima zake, duka na msikiti, msikiti na duka. Alinisubiri nimalize kula.

"Mwanangu, umekwenda chuo kusomea ualimu au kusomea pazia?"

"Natafuta mambo ya kufundishia, baba."

"Chaki haikutoshi?"

"Haitoshi."

Nilijibu haraka mno, nikaona mama anafunika uso kwa upande wa khanga. Baba hakufoka, na bora angefoka. Alisema nikifaulu mazoezi ya kufundisha atanyamaza. Nikifeli, kuna kiti nyuma ya mzani wa sukari kinanisubiri, na habari za ualimu ziishie hapo. Najua watu wanaopenda duka. Mimi lilikuwa linanikaba koo tangu utoto, na sikuwa na pa kukimbilia zaidi ya ule ualimu.

Mazoezi nilikuwa nimepangiwa Ihanja, nje ya mji wetu wa Singida, shule iliyo karibu na barabara kuu, sayansi darasa la tano. Kitabu kilikuwa kimoja, kinakaa kabatini kwa mwalimu mkuu, na kurasa za mimea zilikwishanyofolewa zamani. Tulichofundishia ni notisi. Mwalimu aliyeondoka alimwachia aliyekuja, naye akamwachia mwingine, zimenakiliwa mpaka zimepauka. Ukiuliza zilitoka wapi, unaambiwa ndizo zilizopo.

Ndiyo maana kila Jumamosi nilidandia lori au basi kwenda mjini. Enzi zile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye chumba mtaani anajaribu bahati: huyu mitumba, yule kanda za muziki, na mmoja akaingiza kompyuta chache zenye migongo mikubwa akazipanga ukutani. Vijana walikwenda kutafuta marafiki wa ng'ambo. Mimi nilikwenda na kamusi kwapani, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuchechemea. Nikiandika neno, mashine inalia huko ndani kama mtu anayesafisha koo, kisha picha inashuka kidogo kidogo kutoka juu. Umeme ukikatika, umeliwa, unaanza upya. Nilizoea. Niliyoyapata niliyanakili kwa mkono, na michoro niliichora mwenyewe, ovyo ovyo, lakini yangu.

Notisi za mimea zilisema hivi: ua la alizeti hugeuka kulifuata jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilitaka picha ya kuonyesha jambo hilo, basi, sikuwa na ubishi na mtu. Picha iliposhuka ilinikatalia. Alizeti changa, bado haijachanua, ndiyo inayogeuka na jua. Ikishachanua, shingo inakakamaa, na ua linabaki kutazama mashariki siku nzima. Nilisoma tena na kamusi. Nikajiambia, hawa wamekosea, wanajua nini kuhusu alizeti hawa? Singida nzima ni alizeti!

Jumatatu jioni nilitoka nyuma ya madarasa, kwenye shamba la shule. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Maua yote makubwa, safu kwa safu, yameligeuzia kisogo. Nilisimama pale mdomo wazi, mtoto wa mjini niliyekula mafuta yake miaka yote bila kuyatazama maua yenyewe hata siku moja.

Kesho yake niliuliza darasani: "Alizeti iliyochanua, jioni inatazama wapi?"

"Magharibiii!" wakajibu kwa pamoja, watoto ambao wazazi wao wanalima alizeti, wanavuna alizeti, wanalala juu ya magunia ya alizeti. Dirisha liko wazi na shamba linaonekana.

Nikamwona msichana mmoja wa dawati la nyuma ameziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia aseme. Akasimama, akauliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, unataka jibu la shule au la shamba?"

Jamani. Nilikasirika, na hasira haikuwa juu ya yule mtoto. Nani aliwafundisha kuwa majibu ni mawili? Watoto wanaingia darasani wanaacha macho yao mlangoni kama viatu vya msikitini, na sisi tunaita hiyo elimu!

Tangu siku hiyo tulikwenda shambani asubuhi kabla ya foleni ya kuingia darasani na jioni kabla ya kutawanyika. Tulifunga vitambaa kwenye alizeti changa zilizochelewa kupandwa na kwenye zilizochanua, tukaweka alama ya kila upande. Changa ziligeuka. Zilizochanua hazikutingishika. Watoto walibishana kwa Kinyaturu, nisichokijua vizuri, wakanitafsiria huku wakinicheka. Intaneti ilinipa swali tu. Jibu waliliona wao.

Ndipo akaja mkufunzi wa kunipima, na kipindi changu kilikuwa cha mwisho, jua limeshaelekea magharibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi ofisini kusoma andalio langu la somo. Kalamu yake ilisimama kwenye mstari wa rejea, pale mwalimu anapotaja kitabu alichotumia. Mimi nilikuwa nimeandika: intaneti, na shamba la shule.

"Hiki ni kitabu gani?"

"Si kitabu, mkufunzi. Kitabu hakina kurasa hizo."

"Leo umeandika intaneti. Kesho utaandika nimesikia sokoni. Kule kila mtu anaandika lake, nani kalihakiki?"

Alikuwa na hoja, sikatai. Hata mimi sikuamini mara ya kwanza.

"Ndiyo maana tulikwenda shambani," nikasema.

"Binti, mtihani wa taifa hausahihishwi shambani." Akanisukumia kalamu. Sauti yake ililegea, ya mzazi kabisa. "Futa huo mstari, andika kitabu cha kiada. Fundisha kama notisi zinavyosema, nikupe alama zako uende. Una mkono mzuri wa kufundisha, usijiharibie kwa ajili ya ua."

Nilikiona kile kiti nyuma ya mzani. Nilikiona kweli kweli, na vumbi la sukari juu yake. Nikaiacha kalamu mezani, nikachukua chaki zangu, nikasema kipindi kimefika. Liwalo na liwe.

Darasani alikaa nyuma, faili magotini. Somo lilikwenda vizuri mpaka nikafika pale pale. "Alizeti iliyochanua, jioni inatazama wapi?"

Watoto wakageuka wakamtazama mgeni. Wakaitazama tai yake na faili lake. Kisha, wale wale waliofunga vitambaa kwa mikono yao, wakajibu kwa pamoja: "Magharibiii!"

Mkufunzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashusha kalamu kuandika. Alama zangu zilikuwa pale, zimeiva. Nilichotakiwa ni kusema vizuri, kaeni, tuendelee. Hata uongo nisingeusema mimi, wangekuwa wameusema wao.

Thubutu!

"Wote nje," nikasema.

Wakatoka mbio, madawati yanalia. Mkufunzi alifuata polepole, viatu vyake vinazama kwenye udongo uliolimwa. Jua lilikuwa magharibi, upande wa barabara. Maua yote yalikuwa yameligeuzia mgongo, yanatutazama sisi tuliotokea mashariki ya shamba. Watoto walianza kucheka, kwanza kwa kuziba midomo, kisha waziwazi. Hata mkufunzi alilitazama shamba kwa muda mrefu. Alishika shingo ya ua moja akajaribu kuligeuza, likakataa.

"Nimeona," akasema. "Lakini mimi sikuja kukagua shamba."

Aliandika akiwa amesimama pale pale, akanigeuzia faili nitie sahihi. Alikuwa ameandika: arudie mazoezi. Nilitia sahihi bila kuinamisha kichwa. Mengine yalikuja baadaye: baba hakunipiga wala hakunitukana, alinionyesha kiti tu, na nilipima sukari karibu mwaka mzima kabla sijamshinda kwa maneno nikarudi chuoni. Nililia sana mwaka ule, nisiwadanganye. Kujuta sikujuta.

Lakini siku ile, mkufunzi akiwa bado anafunga faili lake, mkono ulinyooshwa katikati ya mabua. Ni yule msichana wa dawati la nyuma.

"Mwalimu," akasema, na safari hii sauti haikuwa ndogo, "na kwenye mtihani tuandike lipi?"

Wote wakanigeukia. Mkufunzi naye akasimama kusikiliza, na nadhani alitaka kweli kujua. Mimi nilikuwa nimeshafelishwa, sikuwa na cha kupoteza tena, lakini wao walikuwa nacho. Nililijua hilo, likanichoma, na bado ningejibu vilevile hata leo.

"Andikeni mlichokiona," nikawaambia. "Atakayewakosesha, mwambieni aje hapa jioni na kalamu yake nyekundu, ayasahihishe maua kwanza."