Picha za Shuka Jeupe

Wakati wa vita nilikuwa nafundisha fizikia Bukavu, na darubini ya shule tulikuwa tumeihamishia uani kwetu isije ikaporwa. Ilikuwa na kamera, na alfajiri ile nilikuwa nimepata picha ya wingu la nyota nililolitamani siku nyingi. Ilibaki kazi moja. Kila chembe ya vumbi kwenye kioo huacha duara jeusi pichani. Ili kuliondoa, sharti upige picha nyingi za kitu cheupe kitupu, bila kugusa kamera wala kusafisha chochote, kisha kompyuta ilinganishe. Kwa hiyo mbingu zilipoanza kupauka, mimi na mume wangu tulifunika mdomo wa darubini kwa shuka jeupe, tukalivuta hadi mikunjo yote ikaisha.

Nilikuwa nimepiga chache tu lango lilipogongwa. Waliingia askari wa doria. Kutoka barabara ya juu walikuwa wameona bomba limeelekezwa angani, wakadhani ni mzinga. Mume wangu aliinua mikono. Mimi nikaeleza kwamba tunapiga picha za shuka, na nilipojisikia nikisema hivyo nilijua hakuna atakayeniamini.

Mkubwa wao aliinamia kompyuta. Pale palikuwa na kijivu kitupu na maduara yangu ya vumbi. Akayagusa kwa kidole.

"Maman, hii iko karte," alisema taratibu. "Hizi marond njo fasi basoda wanaikala?"

Nikamwambia si ramani ya mahali askari wanapokaa, ni vumbi. Akauliza vumbi gani lina mviringo namna ile, na mwenzake akamkamata mume wangu kwenye kola.

Njia ya kumwonyesha ilikuwa moja, nayo ingeharibu kazi. Nilifungua kamera, nikafuta kioo chake kwa kitambaa, nikairudisha na kupiga tena. Duara kubwa lilikuwa limetoweka.

Mkubwa wao aliyaelekezea kidole maduara yaliyobaki.

"Futa na zingine," alisema.

Nikafuta mpaka kijivu kikabaki peke yake. Ndipo wakamwachia mume wangu, wakatukataza kuelekeza kitu kile juu tena, wakaondoka. Yeye aliketi kwenye majani mabichi, akanyoosha kola yake.

Nilijaribu kulinganisha kwa zile picha chache za kabla ya lango kugongwa. Maduara yalififia, lakini kwa uchache wa picha hizo wingu langu lilijaa chengachenga. Shule ilipofunguliwa niliwaonyesha wanafunzi picha yake hivyohivyo. Mmoja akauliza mbona imechafuka. Nikamjibu kwamba muda haukututosha.